Usiguse

Jiko la mkaa, sufuria iliyopoteza mkono mmoja,
nta ya Usinge inayeyuka polepole
kama mtu anayekubali kosa.
Hapa palikuwa ghala la tumbaku. Mvua ikinyesha
kuta hupiga chafya, nami hupiga chafya nazo.
Cheyo, nyumba ya nne kutoka kwa fundi baiskeli.

Huniuliza: mama, na hii nayo ni kazi?
Ni kazi. Kazi ya kuficha.
Wa karatasi huweka alichokiona.
Mimi hupaka nta pale nisipotaka rangi ifike,
kisha huzamisha kitambaa kizima katika wekundu wa mninga
na kungoja nione kipi kimesalimika.
Nta ikipoa huvunjika. Rangi hupenya nyufani,
ikaacha mishipa myembamba ambayo sikuichora.
Zamani nilikuwa nalia.
Siku hizi naiacha. Inajua njia.

Jumamosi saa tatu, darasa.
Huja kumi na mmoja, au wanne, kutegemea msiba na mnada.
Nshoma, ana vifutio vingi kuliko penseli;
Bi Mgeni, mkunga mstaafu, huchora mikono tu;
na Kasubi, aliyekagua tiketi za treni miaka ishirini na sita,
bado hutoboa tundu kwenye kila karatasi anayoimaliza.
Nimewawekea baiskeli mezani, magurudumu juu.
"Msichore baiskeli," nasema.
"Choreni hewa iliyokaa kati ya spoku."
Kasubi anacheka: "Mwalimu, hewa ina umbo gani?"
Nshoma hacheki. Ameshaanza.
Anachora, anafuta, anachora, anafuta,
hata karatasi ikatoboka,
akaiinua dirishani:
"Hii hapa."

Sikumsahihisha. Nilitoka nje kupepea mkaa.

Mwezi wa nane tukafanya maonyesho
katika banda la mizigo, stesheni,
vitambaa kumi na saba juu ya kamba ya manila.
Bei niliziandika, nikafuta sifuri moja, nikairudisha.
Ofisa utamaduni akaleta kadi: TAFADHALI USIGUSE,
herufi kubwa, utadhani nimetundika nyaya za umeme.
Mgeni mmoja wa semina alipiga picha nne,
akauliza kama ninayo ya twiga.
Sina ya twiga.

Saa kumi akaingia mrina asali,
gumboti, debe, moshi kwenye koti,
anasubiri treni ya kwenda kwao.
Kadi hakuisoma. Alisogeza uso, akanusa
kitambaa cha tisa, kwenye pindo,
pale nilipochemsha kwa haraka.
Akanusa tena, macho kayafumba.
"Hii ni ya mtundu," akasema, "si ya myombo.
Na mwaka huo mvua ilichelewa."
Akataja mto. Akataja ng'ambo ipi ya mto.

Mimi niliyeinunua kwa kilo, sokoni,
niliyeapa kwamba nta yote imetoka,
nikasimama na kitabu changu cha stakabadhi.
"Nimekosea wapi?" nikamuuliza, sijui kwa nini.
"Hukukosea. Imebaki."
Honi ikalia. Akakimbia na debe lake.
Hakununua kitu. Kidole chake cheusi
kikabaki kwenye pindo, mistari yote inasomeka.

Kitambaa cha tisa sikukiuza.
Si kwa heshima; hakuna aliyekitaka.
Kinaning'inia darasani. Alasiri huja nyuki wawili,
huzunguka ile alama, huondoka mikono mitupu,
na Bi Mgeni huwachora mikono hiyo.
Kadi niliigeuza nyuma nikampa Nshoma:
ni ngumu, haitoboki upesi.