Jicho Kwenye Muputu

Kamera niliinunua kwa bei ya mbuzi wawili.
Ngosa, mke wangu, aliigeuzageuza mezani, akasema:
"Mbuzi ungempiga picha kwa simu,
na Jumapili tungemla."

Niliifunga kwenye muputu, kimo cha kiuno,
nyuma ya kichuguu kirefu kuliko nyumba ya padri,
pale pongo wanapokuja kulamba udongo wa chumvi:
kutoka Lubumbashi ni njia ya Kasenga,
halafu kushoto, halafu kwa miguu mpaka magoti yalalamike.
Msimu ulikuwa bado majuma saba.
Bunduki ililala chini ya kitanda na mafuta yake.
Kazi yangu ilikuwa kujua tu: nani anapita,
saa ngapi, ana pembe au hana.

Jicho lile halisinzii.
Joto likitembea mbele yake, linakopa mara moja,
kimya, halina hata mlio wa ulimi.

Nikasoma kadi ya kwanza kama asomaye barua za jirani.
Saa nane usiku: nsya, amekonda.
Saa tisa kasoro: nungunungu na haraka zake.
Jani. Jani. Jani tena.
Upepo nao ni mnyama, anakula betri.
Kisha, saa kumi na dakika mbili alfajiri,
dume.
Shingo nene, madoa ubavuni
kama chaki iliyofutwa na mtoto mvivu,
pembe ya kushoto imevunjika ncha.
Kesho yake, saa kumi na dakika mbili.
Keshokutwa, na tatu.
Nikampa jina, kosa ambalo baba alinikataza:
Shefu wa Stesheni.
Miaka thelathini na mmoja nimetengeneza vichwa vya treni,
hakuna hata kimoja kilichomfikia kwa kutunza saa.

Juma la nne nilikuta kisiki.
Kibichi bado, kinanuka.
Vijiti, maganda, alama ya gurudumu la baiskeli
iliyobeba kuliko uwezo wake.
Muputu wangu ulikwenda na jicho langu.

Nililiona soko la Kenya, siku ya mvua ya kushtukiza,
katikati ya chaja na rimoti zisizo na televisheni zao.
"Redio ya Wachina, patroni. Inataka betri mpya tu,
hizi zinakaribia kufa."
Nikabishana, nikalipa bei ya kuku wawili.
Kadi ilikuwa ndani. Hakuna aliyeijua.

Usiku ule Ngosa alikaa pembeni na sahani ya karanga.
Shoka. Shoka. Fulana ya bluu.
Mbingu imelala upande.
Halafu majani tu, marefu, kama ayaonavyo panzi.
Halafu saa kumi na dakika mbili:
pua.
Pua nzima, imelowa, imejaza picha.
Alikuja kwa saa yake, akakuta mti haupo,
akanusa kilichobaki.

Kisha mkono wenye nyufa.
Kisha giza la gunia, picha kumi na tisa za giza.
Kizuizi cha barabarani, kiganja kimefunguka kupokea.
Mtoto asiye na meno ya mbele anacheka
karibu mno, kana kwamba ananiona.

Jikoni mbabula ikarusha cheche.
Ngosa aliacha kutafuna.
"Gunia la juzi," akasema, "tulilinunua wapi?"
Sikumjibu. Alijua. Tulinunua palepale.
Bukari ilikuwa imeshaiva.

Jumamosi msimu unafunguliwa.
Saa ninayo. Mahali ninapo, sasa peupe,
hata kipofu angempata.
Nilitaka kuzima, Ngosa akanishika mkono:
bado picha moja.

Saa tano na nusu mchana. Mzee ameinama juu ya meza ya soko,
kofia imelowa, mdomo wazi katikati ya kupunguza bei.
Ngosa alimtazama kwa muda,
akaokota karanga moja, akaimenya.
"Huyu mwache apite," akasema. "Amekonda."