Kusoma Tu

Sidii ilikuja ndani ya bahasha ya eksirei,
ile ya kahawia, ya Bugando, ya nyonga ya mama mwaka juzi.
Juu yake, kwa wino mzito, mwandiko wa kihasibu:
BARUA ZOTE. IGOGO. MPAKA MACHI 2009.

Kompyuta yangu haina mdomo wa kumezea sidii.
Nikashuka Mlango Mmoja, kwa Lubango,
anayetoa kopi, anayepiga picha za pasipoti,
mwenye mashine moja kongwe ambayo bado inameza.
Ikavuma kama kinu cha kusaga,
ikatema kwenye flashi mega mia sita na arobaini.
"Elfu mbili, dada."

Nyumbani Mabatini, mawe juu ya mawe, umeme upo.
Nikalifungua faili. Likagoma.
*Huna ruhusa ya kufungua faili hili.*

Mimi?
Mimi niliyesomeshwa kwa hiyo minofu?
Niliyelala chini ya meza ile akifunga hesabu za mwezi,
harufu ya sangara imemganda mpaka kwenye nywele?

Nikazima, nikawasha, dawa ya kila fundi.
Nikalihamisha kutoka folda hii kwenda ile
kama mgonjwa anayezungushwa wodi bila kuonwa na daktari.
Nikalibadilisha jina. Nikalibembeleza.
Lipo, uzito wake unasomeka,
lakini lipo kama jiwe lilivyopo.

Na Jumatatu, dirisha la mafao, wanataka barua:
ya meneja, ya Agosti, inayokiri
kwamba miezi kumi na minane michango ilikatwa
na haikufika.
"Bila hiyo, mama, sisi tuandike nini?"

Siku ya tatu Lubango akapiga simu.
"Bonyeza kulia. Sifa. Haya, tazama chini."
Chini palikuwa na kijisanduku, na ndani yake tiki.
*Kusoma tu.*
"Kinachotoka kwenye sidii hutoka hivyo. Kimechomwa,
kinahama na ugumu wake. Na hiyo programu ya barua
ina tabia mbaya: haisomi isichoweza kukiandika.
Usipoipa kalamu, haikupi barua."

Nikamweleza mama. Alikuwa na ungo wa dagaa mapajani,
anatoa mchanga. Hakuinua kichwa.
"Basi usiguse.
Miaka ishirini na miwili nimekabidhi vitabu,
nawaambia wakaguzi: kusoma tu, kalamu mezani.
Yule meneja ndiye aliyependa kusoma na kalamu mkononi."

Ungo ukazunguka.
Ukazunguka tena.
"Toa kopi," akasema. "Hiyo kopi ndiyo uivue tiki.
Ya kwenye bahasha irudi kwenye bahasha."

Nikaiondoa. Kitu kidogo,
kama kumtoa mtoto mwiba wa sato kooni.
Zikamiminika, elfu nne mia tisa na kumi na moja:
bei ya barafu, lori lililokwama Usagara,
nani kachukua ufunguo wa stoo, barafu tena,
na ile ya Agosti, mistari mitatu,
bila hata "wako mtiifu".
Na moja yenye herufi nzito, haijawahi kufunguliwa,
kutoka kwake mwenyewe kwenda kwake mwenyewe.
Kichwa: *Jaribio*.
Ndani: "Sijui kama hii inafika."

Pembeni ya faili, tarehe ilikuwa imegeuka.
Machi 2009 haipo. Ipo leo,
saa moja na dakika saba usiku,
kana kwamba mimi ndiye niliyeziandika zote.

Sikumwambia.
Nilichapa ya Agosti, nakala mbili,
na sidii nikairudisha mahali pake,
ubavuni mwa picha ya nyonga.