Kamba ya Nicanora

Huku nyanda za juu za Jujuy, Nicanora Liquitay
hupima kisima chake kwa kamba ya manyoya ya lama
aliyoisokota mwenyewe, jiwe nchani.
Mwaka aliojifungua: pima nne, akapiga fundo.
Mwaka wa lami: pima sita, fundo.
Walipokuja wenye mabomba
na kutandaza mabwawa yao juu ya chumvi,
rangi ya jicho la paka,
kamba ikampungukia.
Akaiunga kwa mshipi wa marehemu mumewe.

Leo mhandisi ameleta kalamu za shule, boksi zima,
na picha ya gari lisilo na moshi.
"Mama, dunia inaungua. Betri ndiyo dawa."
Hambishii. Ameiona theluji ya mlima
ikilika kama kipande cha sabuni.
Anauliza tu: dawa ya mgonjwa yupi,
mbona sindano nachomwa mimi?

Kijana anafungua kompyuta.
Mstari wa buluu umenyooka kama godoro jipya.
Maji, anasema, hayajashuka.

Basi wakatoka. Upepo, chumvi midomoni.
"Teremsha wewe."
Fundo la mtoto likazama.
Fundo la lami.
Ngozi ya mshipi ikamteleza vidoleni, tundu kwa tundu,
hadi akabaki ameshika bizimu,
na kule chini jiwe bado halijalia.

Ana adabu, yule kijana. Hakuiachia.
Aliinama vile vile, kitambo,
kisha akauliza
kama kuna kipande kingine.