Barua ya Mafundo

Alifika mgongoni mwa mama yake, Kadutu,
mvua ingali inatwanga mabati,
na mkononi kafungwa kamba ya mgomba
yenye mafundo matatu.
Nikachukua makasi.
"Usikate," mama akasema. "Hiyo ni barua."

Fundo moja, usiku mmoja wa homa.
La tatu limekazwa kuliko mengine:
hapo Mama Nsimire aliweka chini majani ya mubirizi,
akasema, hii imenishinda,
mpelekeni kwa yule wa sindano.

Miaka sita nimemcheka mwanamke huyu.
Kwenye rejesta nilimwandika kwa wino mwekundu:
*amechelewa, alipitia kwa wa kienyeji.*
Naye, nasikia, huko Nyamugo aliniita
kijana anayedai karatasi kabla ya kuuliza jina.
Hakunisingizia.

Usiku ule nilihesabu kwa kidole
kabla ya kutoboa kidole cha mtoto.
Malaria, siku tatu. Kamba ilikwisha kusema.
Tukatundika seramu kwenye msumari wa kalenda,
na kulipokucha, Murhula akaomba bugali,
akagombana na dada yake juu ya kijiko.

Nami nikataka kujibu.
Nikakata kipande cha bendeji,
nikafunga fundo moja, legevu,
maana yake: amepona, asante;
au nilidhani ndiyo maana yake.

Jumatatu bendeji imerudi.
Fundo langu kalifungua,
kalifunga upya pembeni kidogo,
kama mwalimu anavyosahihisha daftari.