Dakika ya Kumi na Tisa

Saa tatu usiku, Bishkek. Nimevaa sweta mbili,
bomba la joto la ghorofa yetu limenuna tena.
Nabonyeza kitufe cha kinasa sauti,
nasoma ridhaa kama ilivyoandikwa:
una haki ya kukataa, una haki ya kunyamaza,
una haki ya kukata simu hata katikati ya neno.
"Nimeelewa," anasema Thelathini na Saba,
na upepo wa Naryn unasema naye.

Yuko ndani ya lori lake, nyuma ya zizi,
maana hapo ndipo mtandao unapofika
na hapo ndipo mama yake hafiki.
Kamera ameizima. Yangu pia nimeizima,
ndiyo kanuni: tusionane ili tusemezane.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
mimi ni kata isiyowahi kuuona mtungi.

Anataja mizani za mpakani, theluji ya Torugart,
vyumba vya madereva vyenye vitanda vya chuma,
mwanamume mmoja wa Almaty anayecheka polepole.
Swali la tano nililitunga mwenyewe
na bado hunikwaruza koo:
katika miezi sita iliyopita, mara ngapi bila kinga?

Kimya.
Mtandao umekatika, au ni yeye?
Kwenye skrini mawimbi ya sauti yamelala chali.
Chuoni, mwalimu wetu Toktosunov alitufundisha
kumsoma msailiwa: kope, vidole,
bakuli la chai linalozungushwa bila kunywewa.
Hapa sina kope. Nina pumzi,
na kiti cha lori kinacholia kila akijigeuza.
"Mara nne," anasema.
Kisha: "La. Andika tano."

Kipimo tulimtumia kwa posta
ndani ya kasha la vichujio vya mafuta,
karani wa At-Bashy, ambaye ni binamu yake,
asipate la kuuliza.
Pitisha kijiti kwenye ufizi wa juu, mara moja.
Wa chini, mara moja. Usisugue.
"Kumbe ni kama kumkagua farasi mnadani," anacheka,
"hata mimi mtu anataka kujua umri wangu?"
Tunacheka wote wawili, gizani,
kilomita mia tatu na ushee kati yetu.

Dakika ishirini za kusubiri.
Tumeongea bei ya dizeli. Tumeongea mbwa wake
aliyeumwa na mbwa mwitu akapona, akawa mwoga wa kuku.
Dakika ya kumi na tisa, ngumi mlangoni,
na sauti ya mama, kali kama baridi yenyewe:
jina lake. Kamili. Na kwamba chai inapoa.

"Umelisikia?"
"Nimelisikia. Kesho nitalifuta."
"Lote?"
"Lote, hata mwangwi wake."

Akawasha kamera, kidogo tu, juu ya kipimo.
Hicho ndicho nilichowahi kumwona:
ukucha wa gumba, mweusi kwa grisi,
na mstari mmoja. Mmoja, ule wa juu.
Nikamwambia ukweli, kwamba mstari huu
unazijua siku za zamani kuliko za juzi;
miezi mitatu ikipita tutampima tena,
na vidonge vya kinga vitakuja mapema,
kasha lilelile, vichujio vilevile.
Hakujibu. Nikasikia akiegemeza kichwa kwenye usukani,
honi ikalia bila kukusudiwa,
mbwa akabweka.

Asubuhi, vipokea sauti masikioni,
nimelikuta jina: sekunde mbili na nusu.
Mama alivyoliita! Silabi ya mwisho kaivuta
kama anayekusanya kondoo kabla ya dhoruba.
Nimesikiliza mara tatu. Kanuni inaruhusu moja.
Nikafuta. Katika nakala nimeandika:
mtu wa tatu anaingia, haisikiki vizuri.

Jioni, nyumbani, mama yangu akaniita mezani.
Begaim!
Nikakaa kimya makusudi,
nikamwacha aite mara ya pili.