Robo Mzunguko

Tukuyu mvua haiulizi mwezi.
Inaingia hata ndani ya skrubu.
Nilipolifungua gitaa la besi la kwaya
juu ya meza ambayo mke wangu hukatia vitambaa,
kutu ilidondoka kama ugoro,
na daraja, lile bati lililokunjwa
na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula,
likabaki limeng'ang'ania kwa skrubu mbili
zilizokwisha vichwa.

Nilizitia mafuta ya taa, nikangoja.
Nilizitia mafuta ya breki ya pikipiki ya Lusajo,
nikangoja.
Ya mwisho ilitoka na kilio.
Tumpe akachungulia kutoka jikoni: umemchinja nani?

Chini ya uzi wa tatu nilikuta karatasi,
kipande cha bahasha ya sadaka
kimekunjwa mara nne, kigumu kama ukucha.
Kazi ya Asangalwisye, aliyepiga kabla yangu,
ambaye siku hizi anauza matairi Tunduma.
Kila fundi ana uongo wake mdogo wa kuvushia Jumapili.

Daraja jipya lilikuja na basi la usiku
ndani ya boksi la sabuni.
Shaba tupu. Zito kama nyundo ya fundi viatu.
Bei yake magunia mawili ya viazi
na la tatu sijalilipa.
Matundu hayakulingana, bila shaka hayakulingana;
ya zamani nikayaziba kwa njiti za kiberiti na gundi,
mapya nikayatoboa nikiwa nimebana pumzi,
maana ubao ukipasuka
hakuna wa kuuombea msamaha.

Halafu shingo.
Ilikuwa imeinama
kama mtu aliyebeba mkungu wa ndizi kutoka Kyimo.
Ndani yake kuna chuma, na chuma kina nati,
na nati haitaki ubabe.
Robo mzunguko, kisha ukalale.
Asubuhi uitazame kwa jicho moja,
kama mtu anayepima ukuta.
Robo nyingine. Ukalale tena.
Siku nne nililala na gitaa kuliko na mtu.

Kisha masikio: gonga uzi mtupu,
gonga pingili ya kumi na mbili.
Yapasa iwe sauti ile ile, imepanda tu darini.
Bisibisi kidogo nyuma. Kidogo mbele.
Saa saba usiku uzi wa tatu
ukasema jina lake bila kigugumizi.
Nikacheka peke yangu kama mwizi.

Jumapili kwaya ilisimama, sare za zambarau,
nikapiga noti ya kwanza, safi, nene,
hata vioo vya dirisha viliitikia.
Wakaingia.
Chini.
Wote, akina mama kumi na wanne, chini kidogo tu,
pamoja, kwa uaminifu,
pale pale alipokuwa Asangalwisye na bahasha yake.

Miaka kumi na moja walikuwa wakilifuata bati lile.

Mwalimu Mwasongwe hakunigombeza.
Alifuta miwani kwa tai.
Akasema, umeliharibu.

Bahasha bado ninayo, kwenye mfuko wa shati.
Skrubu ni ile ile; kuirudisha
ni kazi ya nusu dakika, na hakuna atakayejua.
Alhamisi nilifika mazoezini mapema, bisibisi mkononi,
nikamkuta Mama Atuganile amekaa kwenye benchi la mbele,
gamboti zimejaa tope la shamba la chai.
Akasema: hebu piga ile yako. Moja tu. Polepole.

Nikapiga.
Akafumba macho, akafungua mdomo, akawa chini.
Hakunyamaza. Akaitafuta
kama mguu unavyotafuta ngazi gizani,
hapa hapana, hapa hapana,
na kabla sijasikia kama ameipata
mvua ikaanguka juu ya mabati
ikameza kila kitu, mimi, spika, yeye.

Mdomo wake ulikuwa bado wazi.
Niliangalia shingo yake:
ilikuwa imenyooka, robo mzunguko.