Tarehe Kumi na Tano Agosti

Wakili Pautasso aliniwekea faili mezani
kama mtu anayepakua samaki,
taratibu, mifupa isivunjike:
kadi ya kazi, stakabadhi za rangi,
picha nne za chasisi ikiwa uchi,
na barua ya kiwanda yenye mhuri wa buluu.
"Soma," akasema, "halafu tuzungumze bei."

Nje, chini ya turubai, gari lilikuwa limelala,
jekundu la maji ya zabibu, la mwaka sitini na nne,
milango miwili, pua ndefu ya mbwa wa kuwindia.
Sikulitazama.
Kizuri chajiuza, nami sikutaka kuuziwa na macho yangu.

Miaka thelathini nimekula mkate wa mihuri
katika ofisi ya mthibitishaji hati, Moncalieri.
Naujua wino uliokauka wenyewe
na ule uliokaushwa kwa pasi.
Nikapiga magoti na tochi, nikalinganisha:
namba ya injini, sawa;
ya giaboksi, sawa;
ya chasisi, tarakimu ya mwisho imeliwa na kutu,
lakini ukiipapasa kwa ukucha ni saba. Sawa.

Kisha tarehe.
Kazi imekamilika na kukaguliwa, 15 Agosti 1979.

Asiyezaliwa huku hawezi kujua.
Siku hiyo Torino yote hufungwa kama kopo.
Mwokaji hayupo, daktari hayupo,
hata njiwa wa stesheni nadhani huenda baharini.
Nani alibaki akague hata msumari?

Nikampigia Bi Ivana Ghigo wa chumba cha kumbukumbu.
Alikohoa, akafungua droo, akafunga droo.
"Gari hilo lilitoka hapa mara moja tu, jipya.
Anayesema lilirudi, aniletee daftari."
Njia ya mwongo ni fupi,
na kwa gari lile ingekwisha kabla ya gia ya tatu.

Lakini wakili hakubadilika rangi, na hilo likanisumbua.
"Nililinunua na karatasi hizo hizo," alisema. "Mimi pia niliamini."
Pembeni mwa kadi, kwa penseli, herufi mbili: S.B.

Secondo Barbero, mchomeleaji, miaka tisini na mmoja,
anaishi na bintiye Carignano, juu ya duka la mbegu.
Nikampa kadi. Akacheka
mpaka meno ya bandia yakataka kuanguka.
"Bwana mkubwa alikuwa baharini. Funguo nilikuwa nazo mimi.
Watu watatu, wiki mbili, geti limefungwa kwa ndani,
redio chini chini, sufuria moja.
Mwenye gari alikuwa mwalimu, hana kitu,
alilipa kwa divai, na kwa kumfundisha huyu hesabu."
Binti akatazama dirishani.
Na mhuri?
"Ulikuwa kwenye droo. Mikono ya kiwanda, bati la kiwanda.
Ilikosekana ruhusa tu."

Jumamosi tulimbeba na kiti chake hadi uani kwa wakili.
Hakuomba injini iwashwe.
Aliingiza mkono chini ya kizingiti cha mlango wa kushoto,
macho kafumba, kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto,
mara mkono ukasimama.
"Hapa," akasema. "Hapa nilipiga chafya."
Nikapitisha kidole: mshono umenyooka, umenyooka,
kisha kifundo, punje moja ya mchele,
kisha umenyooka tena.

Bi Ghigo hakutoa cheti. Daftari ni daftari;
hata mimi nisingetoa.
Basi nikalipa bei ya gari lisilo na karatasi,
wakili akihesabu noti kwa kidole kilicholowa,
bila furaha.

Kadi ninayo bado. Atakayekuja kulinunua
nitamwambia: hii ni ya uongo, na yote iliyoandika yalitendeka.
Asipoelewa, apige magoti,
aingize mkono kushoto,
apapase chafya.